Tahadhari: huyu "Capitaine" anayeuza mashua za tanga hana mashua

Wandugu wa Goma na Bukavu, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza Catalina 22, mashua ndogo ya tanga yenye kijumba cha kulala, pamoja na remorki yake. Anataka dola 3.800, nusu ikiwa avansi kwa M-Pesa. Msimtumie hata franka moja.

Anadai mashua iko bandarini Dar es Salaam ndani ya kontena la futi 20. Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Catalina 22 ina urefu wa mita 6,5 hivi, na kontena hilo kwa ndani halifikishi mita 6. Bado remorki, bado mlingoti, ambao hata ukilazwa unaipita mashua yenyewe. Nilipomwambia, akajibu eti "imekunjwa". Mashua ya faiba, kitu kigumu, inakunjwaje, jamani? Kinachokunjwa kwenye baadhi ya mashua hizo ni mkuku, chuma cha chini ya mashua cha kilo kama 250, kinachoinuliwa kwa kebo na winchi ili mashua ikae chini kwenye remorki. Na ile ya kwenye picha yake ina mkuku usiopanda kabisa!

Nikamuomba picha ya namba ya bodi, ile inayoitambulisha mashua. Mashua zilizoundwa Marekani tangu mwisho wa 1972 zina namba ya herufi na tarakimu 12, nyuma, juu, upande wa kulia. Akanitumia tarakimu 9 zilizoandikwa kwa biki kwenye karatasi.

Lililonichekesha ni safari. Eti itapita Kigoma, ivuke Tanganyika hadi Uvira, kisha ipande Ruzizi kwa maji mpaka Bukavu. Mtu wa huku hawezi kusema hivyo. Ruzizi inashuka karibu mita 700 kutoka Kivu hadi Tanganyika, na mabwawa ya umeme yamekaa katikati. Kitu cha kuelea kinafika Kivu kwa barabara, na duane ina karatasi zake. Za kwake hajaonyesha hata moja.

Aliyekwisha kutuma pesa apige simu kwa kampuni ya mtandao wake sasa hivi, aombe muamala uzuiwe, na asifute mazungumzo. Jina anabadilisha, ila picha ni zilezile: mashua nyeupe, mstari wa buluu, minazi nyuma. Ukiziona kwenye grupu lingine, nitumie skrini, nazikusanya kwa ajili ya maadmini.