Abraxas ya Santana: roki ambayo Baba aliitambua kabla yangu

Santuri hii niliinunua sokoni Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili asubuhi, kwa shilingi 1,200. Ilikuwa imelala chini ya rundo la nyimbo za injili. Jalada lilikuwa limechanika pembeni, lakini mchoro wa Mati Klarwein bado uling'aa: mwanamke mweusi, na kando yake kiumbe chekundu chenye mabawa kilichoibana konga, ile ngoma ndefu ya Kuba, kati ya miguu. Ile konga ingenitosha kujua kinachokuja.

Spika za nyumbani Migosi ni za Baba, zile kubwa za mbao, na tangu nikiwa mtoto zimepiga Franco, Tabu Ley na benga basi. Roki kwake ni kelele za watu wenye hasira. Kwa hiyo niliiweka kwa sauti ya chini, yeye akiwa kibarazani na chai yake.

Wimbo wa kwanza hauna mwimbaji. Vinalia vikengele vya upepo, piano inadondosha noti mbili tatu, konga zinaingia taratibu kama mgeni anayebisha hodi. Kabla hujajua umekwisha, uko ndani ya Black Magic Woman. Huo asili yake ni wa Mwingereza Peter Green, aliyeurekodi na Fleetwood Mac mwaka 1968. Carlos Santana na wenzake waliuketisha juu ya ngoma za Kilatini, kisha wakaufunga kwa Gypsy Queen wa Gábor Szabó, mpiga gitaa la jazi kutoka Hungaria. Yote hayo ndani ya dakika tano na ushee, na mshono huuoni.

Ulipoanza wimbo wa tatu nikasikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe. Tik. Tik-tik. Baba akaja mpaka mlangoni.

"Hawa ni akina nani?"

"Santana, Baba. Ni roki ya Marekani, ya mwaka 1970."

"Hiyo ni cha-cha-cha. Rudisha mwanzo."

Na kweli, wimbo huo, Oye Como Va, ni cha-cha-cha, dansi ya Kuba, utunzi wa Tito Puente. Mahali ambapo Puente aliweka filimbi, Santana ameweka gitaa la umeme, na kinanda cha Gregg Rolie kinazunguka palepale bila kuchoka. Santuri za Kuba zilianza kufika Afrika miaka ya 1930, zikapendwa sana Léopoldville, Kinshasa ya leo, na humo ndimo akina Grand Kallé na Franco walimochota rumba yao. Rumba hiyo ndiyo iliyomlea Baba hapa Kisumu. Santana, mtoto wa mpiga fidla wa mariachi kule Meksiko, alichota kisima hichohicho kutoka upande wa pili. Na Kuba yenyewe ngoma zake ilizipata kwa watu waliochukuliwa kutoka kwetu Afrika. Sikiliza ule mkwaruzo unaopita chini ya kinanda: ni kibuyu chenye migongo, guiro. Mimi nilisikia chupa ya Fanta inayokwaruzwa nyuma ya gitaa la omutibo, muziki wa Waluhya.

Upande wa pili unafunguliwa na Se a Cabó, utunzi wa Chepito Areas, Mnikaragua anayepiga timbali, ngoma mbili za fimbo; ni ngoma zinazokimbizana. Lakini aliyenishika ni Samba Pa Ti. Hakuna neno hata moja. Gitaa linaanza polepole, kama mtu anayeongea akiwa ametoka kulia. Noti moja inavutwa, inavutwa tena, unadhani itakatika, haikatiki. Halafu katikati mdundo unageuka, gitaa linainuka na kuanza kutembea. Nimeusikiliza nikiwa na furaha na nikiwa na msiba, na mara zote mbili ulinifaa.

Mother's Daughter na Hope You're Feeling Better ni roki ya moja kwa moja. Ni nzuri, ila bendi nyingi za wakati ule zingeweza kuzipiga. Tena santuri yangu ina mkwaruzo hapo kwenye Mother's Daughter, sindano inaruka, ingawa muuzaji aliniapia kwamba ni safi. Mkinunua za mitumba, zigeuzeni juani mtazame pande zote mbili.

Kwa simu nimejaribu pia. Besi na konga zinapotea, na tangazo likiingia kati ya wimbo wa kwanza na wa pili linaua kabisa ile njia waliyoitengeneza. Tafuta spika kubwa hata za kuazima, uisikilize bila kuruka, dakika zisizofika arobaini.

Sasa natafuta nakala nyingine. Baba ameiweka hii kwenye kabati lake, karibu na Franco, na amesema haitoki.