Miezi 13 kwenye nyumba mpya kando ya mto: nyota tatu na nusu

Nilisubiri makusudi kabla ya kuandika haya. Tathmini nyingi za nyumba mpya nilizosoma wakati tunatafuta ziliandikwa na watu waliokabidhiwa funguo juzi, rangi bado inanuka, na mtu wa siku tatu ndani ya nyumba husifia hata kitasa. Sisi sasa tuna miezi 13. Mto nimeshauona ukiwa mwembamba kiasi cha watoto kuuvuka bila kulowesha magoti, nimeuona umejaa hadi kwenye mizizi ya miti, na kuna wiki moja katikati hapo ambayo hatukulala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hiki tumekilalia.

Nyumba ni ya ghorofa moja. Chini kuna sebule, jiko, bafu dogo lenye choo na chumba cha mama yangu, ambaye magoti yamemkataza ngazi. Juu kuna vyumba vitatu na bafu la familia. Mtaa mzima una nyumba 26 zilizopangwa mistari mitatu kufuata mto, barabara moja ya kuingia na kutoka, na mti mkubwa katikati ambao mkandarasi, namshukuru, hakuukata. Kila ulivyousogelea mto bei ilipanda. Tulichukua mstari wa pili, na nisijidai kwamba ilikuwa busara. Mfuko ndio uliotuchagulia.

Dalali alitutembeza mara tatu, zote asubuhi yenye jua, zote kwa saa aliyoipanga yeye. Alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa vizuri sana: upepo wa mto, ndege, watoto kukua na nafasi. Hakuna alichosema ambacho ni uongo. Ila mara ya nne nilikwenda peke yangu, bila kumwambia, siku moja baada ya mvua kubwa, na nikaona zaidi ya nilivyoona safari zote tatu. Barabara ya kuingilia ilikuwa na bonde dogo ambalo siku za jua hulioni. Siku ile lilikuwa dimbwi la kufika juu ya kifundo cha mguu. Nyuma ya nyumba mbili za mstari wa kwanza, udongo ulikuwa umeinamia kuta badala ya kuzikimbia, maji yamesimama yakinywewa na msingi.

Huko chini nikamkuta mzee anavua samaki. Nikamwamkia, akanijibu, akaniuliza, "Mwanangu, mnataka kununua hizi?" Nikamwambia ndiyo. Hakuniambia neno jingine. Aliweka ndoano chini, akanipeleka hadi kwenye kibanda cha pampu kilichoachwa zamani na kuugusa ukuta kwa kiganja, usawa wa kiuno chake. Hapo palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia uliozunguka kuta zote nne, umenyooka kama uliochorwa na fundi kwa pima maji. "Yalifika hapa," akasema. "Nikiwa tayari na wajukuu." Maana yake si hadithi za mababu.

Nilipiga picha alama ile na kumtaka mhandisi wa mkandarasi anipe kwa maandishi urefu wa sakafu ya kila mstari kulinganisha nayo. Alichukua wiki mbili kujibu. Sakafu yetu iko sentimita 90 juu ya alama. Sakafu ya mstari wa kwanza, ule wa bei ya juu, iko sentimita 35 tu. Kama kuna kitu kimoja katika tathmini hii kilicholipa gharama ya viatu vyangu vilivyoharibika, ni safari ile.

Kwenye makabrasha ya mauzo waliandika kwamba mtaa umejengwa kuhimili "mafuriko ya miaka mia". Mume wangu alipumua aliposoma. "Miaka mia? Sisi tutakuwa tumeshakwenda." Nami nilielewa hivyo hivyo hadi mkaguzi wetu aliponisahihisha. Maneno hayo hayana maana kwamba mafuriko ya namna hiyo huja mara moja kisha hulala karne nzima. Yana maana kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka uliopita, kuna uwezekano wa asilimia 1. Ukikaa miaka 30, muda ambao watu wengi hulipa mkopo wa nyumba, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unazidi robo. Tulinunua tukijua hivyo. Ni tofauti na kununua ukidhani umeahidiwa karne ya amani.

Jingine alilonionesha mkaguzi ni kona. Mto unapopinda, maji ya upande wa nje wa kona huenda mbio zaidi na kula ukingo. Upande wa ndani huenda polepole na kuacha mchanga. Sisi tuko ndani ya kona. Viwanja vitatu vya mwisho wa mstari wa kwanza viko nje ya kona inayofuata, na ndivyo vyenye mandhari bora kuliko vyote. Mwenye kimoja kati ya hivyo ameshasogeza uzio wake mara moja.

Kuhusu ukaguzi: mkandarasi alinuna. "Nyumba mpya inakaguliwa nini?" Inakaguliwa vitu 41, ndivyo mkaguzi wetu wa kujitegemea alivyoviorodhesha kwa saa tano. Alikuja na sarafu, gololi, timazi na kifaa kidogo cha kupima unyevu. Kwa sarafu aligonga vigae kimoja kimoja, kichwa kakiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Kigae kilicholala vizuri kinatoa sauti fupi, nzito. Kilicholazwa juu ya mapengo kinalia kama chungu kitupu. Jikoni vililia 11. Gololi aliiweka kwenye sakafu ya bafu la juu, sote tukaitazama: badala ya kuelekea tundu la maji, ilijivuta taratibu hadi mlangoni, ikasimama. Yaani maji yote ya kuoga yangetufuata koridoni. Soketi mbili za chumba cha watoto hazikuwa na waya wa eathi. Mlango wa nyuma ulikuwa na bawaba mbili badala ya tatu. Mengine yalikuwa madogo ya rangi na silikoni, sitawachosha nayo.

Sakafu ya bafu waliivunja na kuimwaga upya. Soketi walizirekebisha siku hiyo hiyo, nadhani kwa aibu. Vigae vilichukua miezi minne na simu zisizo na idadi.

Sasa unyevu, maana hapa ndipo nilipojifunza kwa gharama yangu mwenyewe, si kwa kosa la mtu. Nyumba mpya ya zege na plasta inakuja na maelfu ya lita za maji ndani yake. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28, na watu wengi, nikiwemo, huchukulia kwamba siku hiyo ndiyo limekauka. Halijakauka. Mafundi wa sakafu huhesabu takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Kando ya mto, ukungu wa alfajiri unaingia kila siku na hewa haina haraka. Mimi, kwa pupa ya kupanga nyumba, nikamwita seremala wiki ya pili atutengenezee kabati la ukutani chumba cha mama, limegandishwa kabisa kwenye ukuta wa nje. Mwezi wa tatu mama akaanza kukohoa. Tulipolivuta, mgongo wa kabati ulikuwa na manyoya ya kijani kibichi na nguo zake mbili za kutokea zimetoboka. Kabati sasa limesimama vidole vinne mbali na ukuta, madirisha tunayafungua kutwa nzima mvua isiponyesha, na ukuta umekauka. Laiti ningeambiwa kusubiri mwaka kabla ya kugandisha chochote ukutani.

Nyufa zipo. Zile nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kukauka, usizikimbilie na rangi kabla nyumba haijatulia. Mkaguzi alinifundisha kuandika tarehe kwa penseli kwenye ncha ya kila ufa na kupima upana. Wa kuogopwa ni ule unaotoka kwenye kona ya dirisha kwenda mshazari, ukapanuka kupita milimita 5. Wetu mkubwa ni milimita 1 na umelala pale pale tangu mwezi wetu wa sita humu ndani.

Basi nije kwenye ile wiki. Mvua ilinyesha siku nne huko juu mtoni, kwetu hata si nyingi. Mto ulipanda hadi hatua chache kutoka uzio wa mstari wa kwanza na kila mtu alikuwa nje na tochi, anautazama. Usiku wa tatu tumerudi ndani, tunaambizana kwamba sentimita 90 zetu zinatosha, mama akaniita kutoka chumbani kwake kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, choo kinaongea."

Kilikuwa kinaongea kweli. Mapovu makubwa, moja, kimya, jingine. Kisha tundu la maji la bafu la chini likaanza kutapika. Wakati sote tunaulinda mlango wa mbele, maji yalituingilia chooni. Tuliziba kwa matambara na kuweka juu yake ndoo ya mchanga, tukampandisha mama ngazi kwa kiti, mume wangu mbele na mimi nyuma, huku akituambia tusimwangushe kana kwamba tulikuwa na mpango huo. Majitaka yalifika mlangoni mwa chumba chake yakaishia hapo.

Sababu ni rahisi. Bomba la majitaka la mtaa linapita kwenye chemba, yale mashimo ya ukaguzi yenye mfuniko, za kila nyumba na kumwaga chini, karibu na mto. Mto ukipanda juu ya mdomo wa bomba, maji hayana pa kwenda, yanarudi yalikotoka, na tundu la chini kuliko yote ndilo hufunguka kwanza. Dawa yake ni vali ya kuzuia maji kurudi, kitu cha kufungwa nusu siku. Mkandarasi alituambia yale yalikuwa mapenzi ya Mungu. Nikamfungulia michoro yake mwenyewe, iliyo kwenye mkataba wetu, ukurasa wa mabomba: vali ipo, imechorwa kwenye kila chemba. Tulifungua chemba zote 26 pamoja na majirani. Tulikuta vali 4.

Wiki hiyo pia lile bonde la barabarani lilijaa maji yanayokwenda kasi. Maji ya mwendo yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kusukuma gari dogo. Kwa hiyo siku mbili hakuna aliyekwenda kazini wala shule. Nyumba yako inaweza kuwa kavu kabisa na bado ukawa kisiwani. Dalali wako hatakuambia, muulize.

Bima: ile ya nyumba ambayo benki ilitutaka tuikate haikuhusisha mafuriko. Nilisoma mstari huo siku ya kusaini, bahati tu. Tukaongeza ya mafuriko pembeni, na kwa sababu ya ile karatasi ya sentimita 90 walitupunguzia. Jirani wa mstari wa kwanza alitajiwa kiwango kilichomfanya aone haya kunitajia.

Mbona basi nyota tatu na nusu, si mbili? Kwa sababu siku nyingine zote 358 za mwaka ni nzuri kwelikweli. Watoto wamejua majina ya ndege ambao mimi siwajui. Mtaa mdogo unafanya watu wajuane kwa lazima, na baada ya usiku ule wa tochi, kwa hiari: leo mtoto wangu akichelewa, nyumba tatu zinajua aliko kabla yangu. Vyumba ni vikubwa, ngazi si kali, jiko linaona uwanja wa nyuma, jambo ambalo mwenye watoto wadogo kando ya mto hatalidharau. Vyura wana kelele, mbu wapo, weka nyavu madirishani kabla ya mapazia. Kazi ya paa na gata sina neno nayo, haijavuja hata tone.

Nyota moja nimeikata kwa vali. Nusu kwa vigae na zile simu.

Muda wa matazamio, yaani kipindi ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, unaisha baada ya wiki saba, na sehemu ya fedha za mkandarasi bado tumeishikilia kama mkataba unavyoruhusu. Katika yale 41, yamebaki matatu. Vali yetu ilifungwa mwezi uliopita. Nilisimama juu ya chemba hadi fundi alipoifunika. Majirani 9 bado wanasubiri zao, tumekubaliana hakuna nyumba itakayosaini kwamba kazi imekamilika kabla ya zote kufungiwa. Mama amekataa kurudi kulala chini hadi mvua kubwa nyingine ipite salama, kwa hiyo kwa sasa mimi na mume wangu ndio tunaolala karibu na choo kinachoongea. Mpaka leo kimenyamaza.