Kozi ya sauti kuhusu siasa za kilibatari: nyota nne

Nimemaliza kozi ya sauti kuhusu siasa za kilibatari, wale jamaa wanaotaka serikali ikae pembeni, na kwa kweli wamejitahidi. Inaanza na mwanafalsafa John Locke, kwamba mtu anajimiliki mwenyewe na jasho lake ni lake, halafu inaingia kwa mwanafalsafa Robert Nozick na kitabu chake cha 1974, na hapo ndo utamu ulipo: watu kwa hiari yao wanatoa senti 25 kila mmoja kumuona Wilt Chamberlain akicheza basketi, mwisho wa msimu jamaa katajirika kuliko wote, sasa nani kaibiwa hapo? Nilirudia hiyo sehemu maana si rahisi kuijibu (jaribu uone).

Nilichopenda zaidi hawajawatia wote kapu moja. Kuna wanaotaka polisi, mahakama na jeshi basi, kuna kina Murray Rothbard ambao hata hivyo vitatu hawavitaki mikononi mwa serikali, na mchumi Milton Friedman yeye alikubali maskini wapewe hela mkononi ila kulazimisha vijana jeshini alipinga kabisa. Wengi wanadhani hawa watu kelele zao ni kodi tu, kumbe wanatetea pia mtu avute bangi yake bila kusumbuliwa.

Walipochemka ni kwenye mazingira. Kiwanda kikimwaga moshi kwenye mapafu ya watu elfu kumi, nani anamshtaki nani? Wanapita hapo mbiombio. Halafu msimulizi anasinzisha jamani, ongeza spidi. Maswali ya mwisho wa somo ruka tu, mepesi mno.