Fleti za wazee: kodi ni nafuu, lakini kagueni bafu

Nimempangishia mama fleti kwenye jengo la wazee hapa mtaani. Tangazo lilisema bei nafuu, na ni kweli kodi iko chini ya ile ya fleti ya kawaida yenye chumba kimoja. Ila maji na umeme havimo, na kuna ada ya huduma kila mwezi kwa ajili ya usafi, ulinzi na lifti. Kabla ya kutoa amana, mwambieni msimamizi awaandikie jumla ya yote. Sisi tulipojumlisha bado ilikuwa nafuu, ingawa si kama tangazo lilivyotutamanisha. Ulizeni pia kodi hupanda lini na kwa kiasi gani, maana pensheni haipandi kwa kumfuata mwenye nyumba.

Siku ya kwenda kuona, msimamizi alitaka kuanzia ukumbi wa televisheni. Makochi mapya, sikatai. Mama akamwambia, "Mwanangu, nionyeshe choo kwanza." Akaketi juu ya kifuniko, akashika chuma cha ukutani, akajivuta asimame. Chuma kikacheza kama jino bovu. Skrubu zilikuwa zimeishia kwenye vigae, hazikufika kwenye tofali. Afadhali ukuta mtupu kuliko chuma cha namna hiyo, kwa sababu mzee anakiegemea kwa uzito wake wote. Walikifunga upya kabla hatujasaini mkataba. Kwa hilo nawasifu. Bafu lenyewe halina kizingiti, na sakafu haitelezi hata ikilowa.

Mlango wa bafu ndio mwembamba. Nilipima nikapata sentimita 70, wakati kiti cha magurudumu kinataka nafasi wazi ya 80 hivi, na ndani karibu mita moja na nusu ya kugeukia. Mama anatembea kwa mkongojo, kwake inatosha. Mwenye kiti aombe fleti za chini, huko milango ni mipana.

Lifti ni moja tu. Ikiharibika, wa ghorofa ya nne ndiyo basi, haendi popote. Tulichukua ghorofa ya kwanza kwa ushauri wa mzee mmoja tuliyemkuta kwenye benchi la mlangoni. Huyo alitueleza mengi kuliko tangazo zima. Foleni ya fleti hizo za chini ni ndefu, andikisheni jina mapema.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kengele ya dharura: iko ukutani usawa wa bega, na mtu aliyeanguka ataifikiaje? Tumeomba waifunge kamba inayoshuka hadi karibu na sakafu. Wamesema fundi atakuja.