Jiko la Maendeleo au jiko la roketi?
Jiko la Maendeleo, lililoenezwa nchini Kenya tangu miaka ya 1980, ni chungu cha udongo wa kuchomwa kinachojengewa kwa matope jikoni. Bei yake ni nafuu, haliyumbi ugali unaposongwa, na hula kuni chache kuliko mafiga matatu, ingawa moshi hubaki ndani.

Jiko la roketi lina njia ya moto iliyopinda kama kiwiko na kuzungushiwa kitu cha kuzuia joto lisipotee, hivyo gesi za kuni huungua vizuri zaidi kabla ya kufikia sufuria, na moshi hupungua. Hata hivyo, linahitaji kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba, kazi ambayo wauzaji huitaja kwa nadra. Penye kuni kavu ningechagua la roketi, tena lenye dohani.