Ushongo, Pangani: angalia upepo na mwezi kwanza ndo ubuki

Nimeenda Ushongo mara mbili kujifunza kaiti, yaani kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa la upepo, na ni kama nimeenda sehemu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ilikuwa Aprili, katikati ya masika. Tulipiga simu tukaambiwa njooni tu kaiti zipo, basi tukatoka Tanga mjini, kama kilomita 50 mpaka Pangani, tukavuka mto na kivuko mpaka Bweni, halafu bodaboda kwenye tope mpaka ufukweni, kufika bahari imelala, hata jani la mnazi halitikisiki. Siku tatu hivyo hivyo. Hela ya masomo tulishalipa na hatukurudishiwa hata senti, na iliniuma kwa sababu aliyepokea simu anaishi pale pale, alijua kabisa Aprili upepo hakuna.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja alikuwa anaziba ngalawa yake. Nimemwamkia shikamoo, nikamweleza, akaniambia mwanangu, hapa mtu anakuja na kusi au kaskazi, tena aje na bamvua. Yaani uje na upepo wa kusini wa katikati ya mwaka au ule wa kaskazini wa mwisho na mwanzo wa mwaka, na siku za mwezi mwandamo au mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana. Nikashika hilo neno.

Nikarudi Agosti, kusi limekolea, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Jamani! Bamvua pale maji yanakupwa saa nne asubuhi hivi, kwa hiyo asubuhi unachukua boti mpaka Maziwe, fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, unaogelea kwenye matumbawe, ila nahodha akisema tuondoke ondokeni, maana maji yakijaa fungu lote linazama. Zamani kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje na kasa walikuwa wanataga kwa wingi. Miti ilipoisha mchanga nao ukaliwa, sasa kasa akitaga kule mayai yanahamishiwa Ushongo yasizame. Kuna kiingilio cha hifadhi, lipeni kwa moyo mweupe.

Mchana maji yanarudi, upepo unapanda, ndo muda wa kaiti. Anayetaka mawimbi makubwa ya kusimama na ubao hapa hayapati, mwamba unayavunja huko mbali, ndani maji yametulia, na kwa anayejifunza hiyo ni raha tupu, tena kusi linakusukuma kurudi ufukweni sio kukupeleka nje. Siku ya kwanza nzima nilikuwa mchangani na kaiti ndogo najifunza kuisoma, mwalimu kijana wa hapo hapo, mvumilivu mno, kila nikikosea ananiambia dada legeza mikono, iache ivute yenyewe. Siku ya tatu nilisimama kwenye bodi nikaenda kama mita 30, nililia kwa furaha sijui hata nielezeje.

Kijijini kuleni. Kuna mama anauza vitumbua alfajiri na jioni pweza wa nazi, huyo pweza kina mama wenyewe wanamchokoa mwambani maji yakitoka, nimekula siku zote nne sikuchoka. Mkipita vijijini jisitirini kidogo, khanga moja inatosha, watu wa pale wana heshima zao.

Bebeni keshi kutoka Pangani mjini, na viatu vya majini kwa sababu ya wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Mimi Januari narudi na kaskazi, mwezi nimeshauangalia.