Maiki ya kurekodi sauti nyumbani: nunua moja, usinunue mbili

Kabla hujatoa hela dukani, jua kwamba kwa sauti ya mwimbaji mmoja unahitaji maiki moja na treki (mstari wa kurekodia kwenye kompyuta) ya mono, yaani ya sauti ya njia moja. Muuzaji akikushawishi uchukue maiki mbili ili upate "stereo", yaani sauti ya pande mbili, kushoto na kulia, mkatalie. Ule upana unaousikia kwenye viitikio hutokana na kuimba: mwimbaji anarudia mistari ileile mara mbili, kila mara kwenye treki yake ya mono, kisha prodyuza anapeleka moja kushoto na nyingine kulia. Sauti kuu inabaki katikati.

Maiki mbili mbele ya mtu mmoja zina hatari yake. Sauti inaifikia moja kabla ya nyingine, na wimbo ukipigwa kwenye spika moja, kama ile ndogo ya bluetooth pale kwa kinyozi, pande mbili zinachanganywa na sehemu za sauti zinafutana. Mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya bomba.

Chaguo langu la kwanza ni maiki ya dainamiki, Shure SM58, pamoja na saundi kadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) yenye tundu moja la maiki, mfano Focusrite Scarlett Solo. SM58 imekuwa sokoni tangu 1966, na kwa nyumba zetu inafaa kuliko zote kwa sababu haizoi sana sauti za mbali: feni, jogoo wa jirani, bodaboda. Ila feki zimejaa. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, si yenyewe.

Ya pili ni kondensa, tuseme Audio-Technica AT2020. Inanasa pumzi na herufi laini vizuri zaidi, lakini inataka saundi kadi inayotoa umeme wa volti 48, na inanasa chumba pia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabandika sponji nyuma ya maiki. Maiki hii inasikiliza mbele, kwa hiyo mwangwi unaoisumbua ni ule unaotoka ukutani nyuma ya mwimbaji. Tundika blanketi mbili nzito mgongoni pake, zikunjwe kidogo, zisigusane na ukuta. Piga kofi kabla na baada, utasikia tofauti. Blanketi hizo zitakusaidia kuliko maiki ya pili.

Ya tatu ni maiki ya USB, kwa asiye na hela ya saundi kadi. Ukichukua Blue Yeti, angalia kitufe cha nyuma: ina mipangilio minne, mmojawapo ni stereo. Kwa kuimba weka kadioidi, ule wa kusikiliza zaidi mbele. Ukiiacha kwenye stereo, mwimbaji akigeuza kichwa tu, sauti inahama sikio.

Stereo ina kazi yake, nayo ni kwaya au kikundi kizima kikiimba pamoja. Hapo kinasa sauti kidogo kama Zoom H1n, chenye maiki mbili zilizopishana, kinaleta nafasi ya kila sauti kwa uhalisia. Kama hurekodi kwaya, kiruke.

Mwisho kabisa naweka seti za BM-800 zenye waya wa kuchomeka tundu dogo la maiki la kompyuta. Maiki inanyimwa umeme wa kutosha, na shiii haiishi.

Ukishanunua, fungua treki ya mono na uchague tundu namba 1 la saundi kadi. Mimi nilifungua stereo siku ya kwanza, sauti ikatoka sikio la kushoto tu, nikaamini waya umekatika na nikamrudisha mwimbaji kuimba upya mpaka usiku wa manane, wakati sauti ilikuwa imeingia salama. Tena stereo inajaza nafasi bure: kwa ubora wa kurekodi wa biti 24 na kilohezi 48, dakika moja ya mono inachukua kama MB 8.6, stereo inachukua 17.3, na upande wa pili hauna kitu.